Mkeka, video za bure za yoga na kiuno cha fundi cherehani: uzoefu wangu wa miezi 14

Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda changu Ngamiani hapa Tanga, na kazi hii nimeifanya miaka 16. Anayejua cherehani ya miguu anajua inapokula: kiuno, shingo, na kifundo cha mkono unaoshika mkasi. Desemba ya mwaka juzi, msimu wa sare za shule, nilishona mpaka usiku wa manane wiki tatu mfululizo. Asubuhi moja nikashindwa kuinama kuvaa viatu. Hospitali, mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinipima akasema mifupa iko salama, misuli ndiyo imekaza kwa kukaa mkao mmoja kutwa. Akanionyesha namna tatu za kujinyoosha, akaniambia, "Mama, hii ni ya kila siku, siyo ya siku ukiumwa tu."

Ndivyo nilivyofika kwenye yoga, mazoezi ya kujinyoosha na kupumua. Nilikuwa naitafuta nafuu ya kiuno, basi.

Kwanza nililipia darasa la mtandaoni, shilingi 60,000 kwa mwezi. Sitalitaja. Mwalimu mwenyewe mwili wake ulikuwa umezoea, lakini sisi alituendesha mbio. Siku ya tatu tukaambiwa tusimame kwa kichwa. Nilipoandika kwamba naumwa kiuno, nikajibiwa nijikaze. Wiki ya pili nikaacha, na hela haikurudi. Nalieleza hili kwa sababu najua wako wanawake watakaolipa kama nilivyolipa mimi: mwalimu asiyekuuliza una nini mwilini kabla hujaanza, usimpe senti yako.

Baada ya hapo nikaanza kufuata Yoga With Adriene, ya YouTube. Mwalimu ni Adriene Mishler, yuko Austin, Texas, Marekani. Anaweka video tangu 2012, na kila Januari tangu 2015 hutoa mfululizo wa siku 30 bila malipo. Wafuasi wake wamepita milioni 10. Kwangu mimi hesabu ya wafuasi siyo hoja. Hoja ni kwamba nilipotafuta ya kiuno niliipata, ya shingo na mabega niliipata, ya vifundo vya mikono niliipata, na za kufanya ukiwa umekaa kitini zipo pia. Nyingine ni za dakika 10 tu. Kila anapofundisha mkao mgumu anaonyesha na njia ya kuupunguza, piga goti, weka mto, pumzika, na hakuna mahali nilipojisikia nimebaki nyuma. Lugha ni Kiingereza, hiyo ujue mapema. Mimi Kiingereza changu ni cha darasani, lakini anaeleza polepole na anatenda huku akisema, kwa hiyo jicho linasaidia sikio. Wifi yangu hajui hata neno, nilimfanyia mimi ukalimani wiki mbili za mwanzo, sasa anafuata mwenyewe.

Zile siku 30 zilinichukua siku 52. Mtoto aliugua malaria, tukapata msiba Pangani, na siku nyingine nilichoka tu. Nilipoacha siku nne sikuanza upya kutoka siku ya kwanza, niliendelea nilipoishia. Huo ndio ushauri ninaoupa uzito kuliko wote humu.

Niseme kidogo kuhusu mkao mmoja, kwa sababu huo ndio ulionirudishia kiuno. Unaitwa paka na ng'ombe. Unapiga magoti na kuweka viganja chini kama meza. Ukivuta pumzi unaachia tumbo lishuke na kifua kifunguke; ukiitoa unapandisha mgongo kama paka aliyeshtuka, kidevu kinaingia kifuani. Mara ya kwanza nilihisi mgongo wangu wa chini hausogei kabisa, ulikuwa mbao. Mabega yalipanda, shingo ilipanda, kiuno kimetulia pale pale. Nilikaa na mkao huo peke yake asubuhi nyingi. Kama wiki ya tatu hivi nikahisi kitu kidogo pale juu ya nyonga, pingili moja imeachana na mwenzake, halafu joto likashuka mpaka kwenye paja. Nililia, sioni haya kusema. Mwili wangu nilikuwa nimeusahau muda mrefu.

Viganja vilinisumbua. Mkono wa mkasi haukubali kubeba uzito, hasa kwenye ule mkao wa mbwa anayejinyoosha, mikono na miguu chini na nyonga juu. Nilikunja kanga mara nyingi mpaka ikawa kama kigogo, nikaiweka chini ya kitako cha kiganja, ikapunguza ile pembe ya kifundo. Siku kikiuma kabisa naweka viwiko chini badala ya viganja.

Sasa mkeka. Hapa naomba mnisikilize kama fundi, maana nimepoteza hela.

Nilianza na mkeka wa ukindu tulio nao nyumbani. Kwa kulala na kupumzika hauna mpinzani, unapoza mwili. Kwa kusimama siyo salama: sakafu yetu ni ya saruji iliyosuguliwa, mkeka ukateleza nami nikaenda nao. Dada yangu akaninunulia Kariakoo mkeka wa sponji, mnene wa milimita 10, nilifurahi kwa ule ulaini. Kosa letu sote wawili. Mkeka mnene hivyo ukisimama kwa mguu mmoja kisigino kinazama na kifundo kinayumba, unapambana na mkeka badala ya kusimama. Na ile sponji haikudumu. Baada ya miezi mitatu, pale vidole vya miguu vinapojichimbia pakatokea mashimo, kisha ukachanika kama kitambaa kilichooza kwenye mshono. Sikuutupa. Niliukata, kipande kimoja naweka chini ya magoti, kingine nakalia kwenye kiti cha cherehani.

Wa pili wa dukani niliuchagua mwenyewe, nikaenda na tepu yangu dukani. Milimita 6, upana sentimita 61, urefu 173. Mimi nina sentimita 160, nikilala visigino na kichwa vyote vinabaki ndani. Ukiwa mrefu kuliko mkeka, ulizia mrefu zaidi, upo. Nilifanya majaribio matatu pale pale na muuzaji hakuchukia. Niliubonyeza kwa kucha: alama ikae kidogo kisha irudi, ikibaki ni sponji dhaifu. Niliusugua kwa kiganja chenye unyevu, nikaona hautelezi. Niliunusa. Wenye harufu kali ya plastiki ukiuweka chumba kidogo utaumwa kichwa. Huu ulikuwa na harufu ndogo, nikauanika kivulini siku mbili ikaisha. Juani usiuanike, unakauka na kupasuka. Nilitoa shilingi 45,000. Naufuta kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo kila Ijumaa.

Nguo. Dera halifai, linakuja usoni ukiinama. Suruali za dukani za kubana siwezi kuvaa na sitaki. Nilijishonea suruali pana ya kitambaa cha kuvutika, lastiki kiunoni na kwenye vifundo vya miguu ili isipande, na katikati ya msamba nikaweka kipande cha umbo la almasi. Kipande hicho ndicho siri. Bila hicho suruali itakukaba ukifungua miguu, au itapasuka. Wateja wanne wameshanishonesha.

Kuna jambo la imani, na najua wengi mnalo moyoni. Mama mkwe alinikuta alfajiri nimepiga magoti nimeinama, paji la uso chini, mikono mbele. Akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hii unamsujudia nani?" Nilikaa naye nikamweleza. Yoga asili yake India, na huko ina upande wa ibada, siwezi kumficha mtu mzima. Ninachofanya mimi ni kujinyoosha na kupumua. Video zikiwa na mantra, yale maneno ya ibada yanayorudiwarudiwa, nazipita, na Adriene akimaliza kwa salamu yake mimi nasema alhamdulillah. Naanza baada ya sala ya alfajiri, kabla watoto hawajaamka. Mkao wa mwisho wa kulala chali kwa Kisanskriti jina lake maana yake ni mkao wa maiti. Mama hakulitaka jina hilo nyumbani kwake, na mimi pia, tunauita kujilaza. Siku hizi yeye mwenyewe hulala chini na kuegemeza miguu ukutani dakika tano, kwa ajili ya miguu inayovimba jioni. Tulimuuliza daktari wake kwanza kwa sababu ana presha.

Kutafakari kulinichukua muda zaidi kukubali. Kukaa kimya bila kazi mkononi kulinipa wasiwasi, nilihisi kama naiba muda wa mtu. Nililelewa hivyo, na sidhani ni mimi peke yangu. Kusingwa, yaani kusuguliwa mwili kwa liwa, na kukaa ndani bila kushika kazi nimekupata mara moja tu maishani, siku za kuelekea harusi yangu, somo yangu, yule mama aliyenifunda, akinisugua mgongo. Baada ya hapo aliyeguswa mgongo ni mtoto, mume, mgonjwa.

Nilisaidiwa na kozi ya bure ya kutafakari iliyo mtandaoni, Palouse Mindfulness. Ni ya wiki 8, imejengwa juu ya programu ambayo Jon Kabat-Zinn aliianzisha mwaka 1979 katika chuo cha tiba cha Massachusetts, kwa ajili ya wagonjwa wenye maumivu yasiyoisha. Zoezi la mwanzo ni kuukagua mwili: unalala, unapeleka fikra kwenye vidole vya mguu, kisha wayo, kisha kisigino, hivyo hivyo mpaka kichwani, bila kurekebisha kitu. Linachukua kama nusu saa. Sauti niliipakua mara moja ikawa kwenye simu, haili bando tena. Nimefika wiki ya 5 na nimesimama hapo kwa sasa. Mara nyingi nasinzia kabla ya kufika magotini, na usingizi huo nao nilikuwa nikiudai.

Kazini, umeme ukikatika, nafanya pumzi ya nyuki: unavuta kwa pua, unafumba mdomo na kutoa kwa pua ukivuma mmmm mpaka pumzi iishe. Mara tano au sita. Pumzi ya kutoa ikiwa ndefu kuliko ya kuvuta, mapigo ya moyo yanapungua, unayasikia yakipungua. Nilishawahi kumpokea mteja mkali wa gauni la harusi baada ya pumzi sita hizo, na nikamsikiliza mpaka mwisho.

Mjamzito, usilale kwa tumbo wala kujikunja kwa nguvu, na miezi ikisonga usilale chali muda mrefu, lala ubavu. Mwenye presha ya juu au ugonjwa wa presha ya macho, mikao ya kichwa kuwa chini ya moyo muulize daktari kwanza. Maumivu yanayochoma au kutia ganzi mguu siyo ya kuvumilia, simama hapo hapo. Na kama unataka mwalimu wa ana kwa ana na uko Nairobi, kuna Africa Yoga Project, iliyoanza 2007 na imefundisha walimu wengi vijana wa huko huko.

Kiuno changu hakijapona chote. Msimu wa sare uliopita kiliuma, lakini viatu nilivaa mwenyewe kila asubuhi, na kila saa nilisimama kwenye cherehani nikajinyoosha dakika mbili. Video nazipa nyota tano kwa kiuno na nne kwa mwenzangu asiyejua Kiingereza. Mkeka wa milimita 6 nyota nne: una miezi 11 sasa, pale ninapoweka viganja umeanza kung'aa na kupoteza mshiko. Ukichakaa nitarudi duka lile lile, na tepu yangu.