TAHADHARI: Mafuta ya kijani ya "miti shamba" ya kuzuia muwasho

Akina mama wenye watoto wa pumu ya ngozi, hii inawahusu. Kuna mafuta yanauzwa kwenye stetasi za WhatsApp na Instagram hapa Dar. Kikopo cheupe cha plastiki, hakina lebo, ndani mafuta mazito ya kijani yananukia mwarobaini. Sh. 25,000, bodaboda juu yako. Eti yanatibu pumu ya ngozi, upele, fangasi, mapunye, mzio, hata muwasho wa sehemu za siri. "Asilia tupu, hayana kemikali." Msinunue. Mimi nilinunua.

Mwanangu ana miaka minne. Anawashwa tangu uchanga, kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, anajikuna usiku mpaka shuka linapata damu. Nilipompaka yale mafuta, siku ya tatu ngozi ikawa laini kama hajawahi kuumwa. Nililia. Nikamtumia muuzaji picha, akazitundika, na nikampelekea wateja watatu kwa mdomo wangu mwenyewe. Hilo linaniuma kuliko hela.

Kumbe kila nikiruka siku mbili muwasho unarudi mkali kuliko wa mwanzo. Nikaagiza kopo la pili, la tatu, nikapaka hadi usoni. Kufika mwezi wa tatu wa kupaka, mashavu yamejaa duara, mashangazi wanasema "mtoto kanenepa huyu!" na mimi nacheka nao. Mapajani imetoka michirizi myekundu kama ya tumbo la mjamzito. Nikamwandikia muuzaji. Jibu lake: "Hiyo ni sumu inatoka mwilini dada yangu, ongeza kupaka." Nilipouliza ndani mmetia nini, akanifungia.

Daktari wa ngozi aliniuliza swali moja tu kabla hajagusa kopo: yalianza kufanya kazi baada ya siku ngapi? Tatu, nikasema. Akatikisa kichwa. Pumu ya ngozi ya miaka haizimwi na majani kwa siku tatu. Kinachoizima hivyo ni steroidi kali, yaani dawa ya nguvu ya kutuliza wekundu na muwasho. Akanitolea mfano wa klobetasoli, mojawapo ya steroidi kali za kupaka: hata mtu mzima hatakiwi kuipaka zaidi ya wiki mbili mfululizo, na uso hauguswi. Ikipakwa kiholela ngozi inakuwa nyembamba, dawa inapenya hadi kwenye damu, na tezi ndogo zinazokaa juu ya figo zinaacha kutengeneza homoni inayofanana na dawa hiyo kwa sababu mwili unaipata bure kutoka nje. Ndiyo yale mashavu. Ndiyo maana pia hakuniruhusu kuacha ghafla, alichukua vipimo vya damu na kunipangia namna ya kupunguza. Kwa hiyo wewe uliyepaka kwa miezi, usitupe kopo leo kwa hasira. Libebe, nenda nalo hospitali.

Na steroidi si shetani, tusielewane vibaya. Mwanangu sasa anapakwa haidrokotisoni ya asilimia 1, steroidi hafifu, siku za kuhesabu, na inamsaidia. Ila hiyo imeandikwa jina na kiwango.

Kilichotakiwa kunishtua tangu mwanzo ni ile orodha ya magonjwa. Pumu ya ngozi ni ngozi isiyoshika unyevu, inakauka na kuchokozeka. Upele ni mdudu anayechimba ndani ya ngozi. Fangasi ni kitu kingine kabisa, na ukiipaka steroidi wekundu unafifia huku yenyewe inatambaa. Mmoja wa wale niliowashawishi, nyumba yake yote ilikuwa inajikuna usiku, vipele katikati ya vidole. Ulikuwa upele! Walihitaji BBE au pamethrini, dawa za kupaka za kuua mdudu huyo, wapakwe wote siku moja, warudie kama walivyoelekezwa, na nguo na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto. Badala yake wamekaa miezi miwili wanaupamba kwa mafuta yangu ya kijani. Na kama unawashwa zaidi ya wiki sita na ngozi haina kitu, ukapime figo, ini na tezi ya shingo, si kununua kopo.

Kwetu siku hizi ni kuoga haraka kwa maji ya uvuguvugu, sabuni isiyo na manukato, halafu mafuta ya mgando ngozi ikiwa bado na unyevu wa maji, asubuhi na jioni. Hajapona. Usiku mwingine bado naamka kumshika mikono. Daktari anasema wengi hupata nafuu wakikua, nasubiri.

Kopo na ujumbe wa miamala nimepeleka TMDA, mamlaka ya serikali inayosimamia dawa; mwenye la kwake afanye hivyo pia. Muuzaji amebadilisha namba na jina la ukurasa, lakini picha bado ni zilezile. Ukiona magoti mawili ya mtoto kwenye mkeka wa bluu, "kabla" na "baada", ni ya mwanangu. Hiyo "baada" ilikuwa siku ya nne.