Nguo za kuazima kwa wagumu: huduma ya KPAP, Moshi

Nimebeba mizigo Kilimanjaro kwa miaka kumi na moja. Huduma ninayotaka kuisifu hapa, wagumu (ndivyo tunavyoitwa sisi wapagazi) wengi wapya bado hawaijui: kuazima nguo za mlimani bure pale Kilimanjaro Porters Assistance Project, Moshi. Sisi tunaiita KPAP.

Safari yangu ya kwanza, njia ya Machame, nilipanda na raba za mitumba nilizonunua soko la Memorial na sweta mbili. Getini mvua, kambi ya Shira upepo, lakini Barafu ndiko nilikokoma. Kambi ile iko mita 4,673. Wageni walipoamka usiku kwenda kileleni, sisi tulibaki hemani. Soksi zangu zililowa tangu mchana, na alfajiri nilizikuta zimekakamaa kama magome ya mti. Kampuni iliyonichukua haikuniuliza nimevaa nini. Getini mzigo ulipimwa, kilo 20 kamili, ila miguu yangu hakuna aliyeitazama. Nikashuka kwa njia ya Mweka nikiamini kwamba ndivyo kazi ilivyo.

Aliyenifungua macho ni dada mmoja, mgumu wa siku nyingi, tuliyekuwa naye njia ya Lemosho. Aliniona nikivaa mifuko ya nailoni ndani ya raba. "Mdogo wangu, mbona unajitesa? Tukishuka nenda KPAP ukaazime." Nilidhani ananielekeza kwa mtu wa kukodisha, nami nikaanza kupiga hesabu ya kitakachobaki kwenye tipu.

Hakuna kukodi. Unajiandikisha, unajaribisha, unachukua, na ukishuka unarudisha. Nilitoka na buti za soli nzito, suruali ya mvua, glavu na koti la baridi. Nguo hizi hutolewa na wageni waliokwisha kupanda na watu wa nchi za mbali wanaojitolea kuzikusanya. Koti langu lilikuwa limeshonwa kiwiko kwa uzi wa rangi ya chungwa, mishono midogo midogo, kazi ya mtu asiye na haraka. Safari iliyofuata, usiku kambi ya Karanga, niliutazama sana mshono ule kwa tochi. Mtu ambaye sitabeba begi lake kamwe alikaa akatunga uzi kwenye sindano ili kiwiko changu kisipate baridi. Nililala hadi asubuhi, jambo ambalo sikuwahi kulipata juu ya Shira.

Ukienda, nenda mapema, usisubiri asubuhi ya safari. Jaribisha buti ukiwa na soksi nene utakazopandia, utembee nazo kidogo. Na tafadhali, rudisha nguo zikiwa safi na kavu. Kuanzia Juni hadi Oktoba misafara inafuatana, na unapochelewesha koti kwako nyumbani kuna mwenzako anayepanda na sweta.

Koti halilipi mshahara wala haliongezi sahani ya chakula. Ndiyo maana, kwangu mimi, kazi yao nyingine ina uzito zaidi. Tangu 2003 KPAP inafuatilia jinsi wapagazi wanavyotendewa, na kampuni zinazoshirikiana nayo zinakubali misafara yao iangaliwe. Wanaoulizwa ni sisi tuliobeba: ulilipwa kiasi gani, ulikula mara ngapi kwa siku, ulilala wapi, mzigo ulikuwa kilo ngapi. Nilipoulizwa mara ya kwanza nilijibu kwa woga. Siku hizi najibu kwa tarakimu.

Mgeni mmoja, muuguzi, alinieleza kwamba Nepal nako kuna watu wa kujitolea, International Porter Protection Group, kundi lililoanza 1997. Wamesaidia kujenga kituo cha wapagazi Machermo, bonde la Gokyo, mahali palipoinuka karibu sawa na Barafu, na madaktari wa kujitolea wamewahi kutibu wapagazi hapo. Wana sharti moja ambalo ningependa libandikwe kwenye kila geti letu: mpagazi akiugua, asiteremshwe peke yake. Nilimwona mwenzangu akirudishwa peke yake kutoka Lava Tower, ule mnara wa miamba juu ya Shira, anatapika, kichwa kinamuuma, na msafara ukaendelea mbele. Alifika chini salama. Lakini mgeni angetapika vile, angeshushwa na watu wawili.

Kwa wageni mnaosoma haya: kabla ya kulipa, iulizeni kampuni yenu kama inashirikiana na KPAP. Na mkishuka Mweka, mkitaka kuacha kitu, anzeni na buti na suruali za mvua. Fulana tunazo.