Nakala ya chapa ya katafalko ya María Luisa: ukutani safi, kwenye mkasi kazi ipo

María Luisa wa Orléans, mke wa Mfalme Carlos II wa Hispania, alifariki Februari 1689. Katafalko yake, yaani jukwaa refu la muda la maombolezo, ilibuniwa na José Benito de Churriguera kwa ajili ya kanisa la Encarnación, Madrid. Chapa ya mchoro wake ipo hadi leo, na nakala ya ukubwa wa A3 ndiyo tunayoipima hapa.

Kwa kutundika, haina ubaya. Kwa kuundia kielelezo cha karatasi ngumu, jihadhari. Wino umezidi, kwa hiyo mistari ya kivuli imeshikana na mapambo ya juu yamekuwa doa jeusi. Kuikuza hakusaidii, doa hukua nalo. Omba faili yenye nukta 600 kwa inchi, uchapishe upya.

Tatizo la pili: unaonyeshwa uso mmoja tu. Kata nakala 4, ukubali kwamba pande 3 ni makisio.

Simamisha kijiti cha mbao katikati kabla ya kupandisha ghorofa; bila uti huo, gundi ikikauka huvuta karatasi na mnara hulala upande. Rangi iwe isiyong'aa. Majengo haya yalikuwa mbao, turubai na plasta iliyopakwa ifanane na marumaru na shaba, na karatasi ya dhahabu huyafanya yafanane na keki ya harusi. Mishumaa? Vijiti vya meno vinatosha. Usiwashe kitu.

Nyota 3 kati ya 5.