Kisanduku cha kutengea vifaranga: kinavyosaidia kumjua kambare dume na jike

Visanduku vya plastiki angavu vinavyoning'inizwa tangini huuzwa kwa kazi ya kutengea vifaranga. Kwa mfugaji wa kambare wa mapambo, thamani yake kubwa iko kwingine: ndicho kifaa rahisi zaidi cha kumtazama samaki juu na chini bila kumshika. Kambare hushinda kajibanza sakafuni au nyuma ya gogo, na alama za dume na jike ziko kichwani na tumboni, mahali ambapo kioo cha tangi hakikuonyeshi vizuri.

Nunua chenye sakafu bapa na matundu madogo ubavuni ya kupitisha maji. Cha sm 20 kwa 10 kwa 10 kinatosha samaki wa hadi sm 10. Vile vyenye sakafu ya mteremko yenye nyufa ni vya gapi na wenzao wanaozaa watoto hai. Kambare akitiwa humo, miiba ya mapezi ya kifuani hunasa na sharubu huchubuka. Hivyo viache dukani.

Kati ya kambare hawa, korido (Corydoras) ndiye rahisi kuliko wote kumjua dume na jike. Ukimtazama kutoka juu, jike ni mpana nyuma ya mapezi ya kifuani. Dume ni mwembamba. Kwa chini, mapezi ya tumboni ya jike ni mapana na ya mviringo, ya dume yamechongoka. Mtie mmoja mmoja, kwa dakika chache, kisanduku kikiwa tangini: korido aliyetishika anaweza kutoa sumu, na katika maji machache yaliyotuama humuua yeye mwenyewe.

Ansistrus (Ancistrus) ndiye kisanduku kinamfaa hasa, kwa kuwa hung'ang'ania plastiki kwa mdomo na kutulia. Dume aliyekomaa huota vinyama laini vyenye matawi katikati ya pua, kupanda hadi kichwani. Jike hana, au ana vifupi vilivyojipanga ukingoni mwa pua tu. Wengi huviona hivyo vya ukingoni wakadhani ni dume. Kosa jingine ni kuamua mapema: chini ya sm 6 dume mchanga hufanana na jike, kwa hiyo "jozi" ya sm 4 ni kubahatisha. Chukua wadogo 5 au 6, walee, kisha watazame upya. Hesabu pia vijiti laini vya pezi la mgongo, ukiacha ule mwiba wa mbele. Ansistrus ana 7. Ukifika 10 na zaidi, umeuziwa Pterygoplichthys, kambare mwingine anayepita sm 30, na vinyama vya pua hutaviona kamwe.

Kwa gogogo wa Ziwa Tanganyika, Synodontis multipunctatus, kisanduku ni cha kumhamishia tu. Usitumie wavu: miiba yake ina meno na hunasa. Ikinasa, kata wavu, usivute. Lowesha mkono, mlaze chali kiganjani, mwiba wa mgongo upite kati ya vidole, kisha kunja mkia taratibu kuelekea mgongoni hadi kinundu cha uzazi kijitokeze. Cha dume kimechongoka na tundu lake linaelekea mkiani; cha jike ni butu na kipana zaidi. Kazi isizidi nusu dakika. Kujua hili ni muhimu, maana gogogo huyu hutaga pale samaki wanaoatamia mayai kinywani wanapotaga, ili wamlelee. Kundi la majike matupu halitakupa kifaranga hata kimoja.

Udhaifu wa kisanduku ni mikwaruzo. Kikisuguliwa kwa sponji ngumu ya vyombo hufifia, na vinyama vya ansistrus wa sm 6 havionekani tena. Kifute kwa kitambaa laini na maji ya tangi, bila sabuni, na mfuniko usikosekane: ansistrus hupanda ukuta usiku.