Fratelli Tutti: anza na sura ya pili, kaa sana kwenye ya tano

Katika kamati yetu ya haki na amani parokiani, siasa ikitajwa tu kuna wanaoinamisha vichwa. Wamelelewa wakiambiwa kuwa siasa ni mchezo mchafu, na mwamini mwema hukaa kando. Kama nawe unao watu wa namna hiyo, wape Fratelli Tutti (yaani “Wote ni Ndugu”), waraka wa Papa Fransisko, ila usiwaanzishe ukurasa wa kwanza.

Papa aliutia sahihi Assisi tarehe 3 Oktoba 2020, kwenye kaburi la Mtakatifu Fransisko, dunia ikiwa bado imefungiwa ndani na korona. Una sura nane na aya 287. Sura ya kwanza inataja magonjwa ya dunia moja baada ya jingine, na msomaji aliyechoka anaweza kuufunga kabla hajafika penye utamu. Iruke kwanza, utairudia.

Sura ya pili ni mfano wa Msamaria mwema tu, ukisomwa polepole. Mahubiri mengi juu ya mfano huu niliyowahi kuyasikia huishia kwenye huruma ya yule Msamaria. Papa anawageukia waliopita kando, anatukumbusha kwamba walikuwa watu wa dini, kisha anasema jambo ambalo bado linanichoma: wanyang'anyi huwa na washirika wa siri, nao ni wale wanaopita wakitazama upande mwingine. Tena anaona kwamba Msamaria, zaidi ya mafuta, divai na fedha, alimpa majeruhi muda wake. Mwishoni mwa sura hiyo hiyo anajiuliza waziwazi kwa nini Kanisa lilichelewa sana kulaani utumwa bila kusitasita. Papa kuliandika hilo katika waraka rasmi si jambo dogo, na namheshimu kwa hilo.

Sura ya tatu inagusa mali, na hapo ndipo mabishano huanza. Anasema haki ya kumiliki mali binafsi ni ya kweli, lakini inakuja nyuma ya ukweli kwamba vitu vya dunia viliumbwa kwa ajili ya wote. Anayedhani haya ni mageni amsome Yohane Krisostomo, askofu wa Kanisa la kale, anayenukuliwa humo: kutowagawia maskini mali yetu ni kuwaibia. Papa Leo XIII naye, mwaka 1891, alitetea umiliki na papo hapo akadai mfanyakazi alipwe ujira unaomtosha kuishi.

Lakini kama una jioni moja tu, itumie kwenye sura ya tano. Papa anaiita siasa njia ya juu ya mapendo, na anaeleza kwa nini. Ukimsaidia mzee kuvuka mto umefanya tendo la upendo. Mwanasiasa akijenga daraja, hilo nalo ni upendo. Nimeona aya hiyo ikimfungua mtu kuliko semina nzima. Baada yake yako maswali ya kiongozi kujiuliza: asihesabu wangapi walimuunga mkono, ajiulize ameweka upendo kiasi gani katika kazi yake na amepanda amani gani katika jamii. Ningependa kila diwani na mbunge ayabandike mezani kwake.

Kwa wasio Wakatoliki, mlango wenu uko sura ya nane, juu ya dini na udugu. Waraka wote umejengwa kwa sehemu juu ya Hati ya Udugu wa Kibinadamu, ambayo Papa na Imamu Mkuu wa Al-Azhar (msikiti na chuo kikuu cha Kiislamu huko Misri), Ahmad Al-Tayyeb, waliitia sahihi Abu Dhabi tarehe 4 Februari 2019. Kwa hiyo Mwislamu anayeusoma hasomi barua ya watu wengine.

Kasoro zake ninaziona. Ni mrefu, unarudiarudia, na Papa ananukuu mno hotuba zake mwenyewe. Pia unakupa moyo wa siasa njema bila kukuonyesha sana namna ya kugawana madaraka kati ya serikali na vikundi vidogo vya wananchi. Kanuni ya auni, yaani kwamba ngazi ya juu isinyang'anye kazi ambayo ngazi ya chini inaweza kuifanya bali iisaidie, imeguswa kwa kifupi mno. Kwa kamati inayotaka kufanya kazi, weka pembeni ule Muhtasari wa Mafundisho Jamii ya Kanisa wa mwaka 2004, msome vyote viwili kwa pamoja, sura kwa sura.