Clovelly na mama yangu: eti hatukuuliza

Nimekaa na hasira hii wiki kadhaa nikidhani itapoa. Haijapoa, basi naandika.

Mama alinitembelea kutoka Lamu. Magoti yanamsumbua, na alikuwa amechoka kutazama ukuta wa jirani yangu, kwa hiyo nikatulipia safari ya basi ya siku moja hadi Clovelly, kijiji cha kale cha wavuvi kule Devon, Uingereza. Kampuni siitaji. Kwenye simu niliwaambia waziwazi kwamba huyu ni mtu mzima, vilima hapandi. Wakasema hakuna taabu, ni matembezi mepesi tu.

Mepesi! Clovelly imening'inia kwenye jabali. Njia yake kuu ni moja, ya mawe ya mviringo yaliyotolewa ufuoni, nayo inateremka kama mita 120 hadi bandarini. Magari hayapiti, na hata yangeruhusiwa yasingepenya, maana upana ni wa kichochoro cha Mkomani kwetu Lamu. Mama amevaa champali. Nikamuuliza kijana aliyetuongoza, sasa mzee atapandaje kurudi? Hakuinua hata macho kwenye simu yake. "Kama hawezi kutembea, angebaki kwenye basi."

Mama akaniuliza, "Asemaje?"

Nikamdanganya. "Asema tuchunge mawe."

Tukateremka hatua kwa hatua, yeye kanishika mkono, mimi tumbo linachemka. Na tayari nilikuwa nimeudhika, kwa sababu kuingia kijijini humo unalipa kiingilio. Ndiyo, unakata tiketi ya kutembea mbele ya milango ya watu. Kijiji kizima ni mali ya ukoo mmoja tangu Zachary Hamlyn alipokinunua mwaka 1738. Nilitaka kuandika hapa kwamba ni wizi mtupu. Halafu nikaambiwa nyumba hizo hupangishwa kwa watu wanaoishi humo mwaka mzima, hakuna tajiri wa mjini wa kuja kufungua madirisha wiki mbili kisha akafunga. Nikikumbuka nyumba za Shela, kwetu Lamu, zilivyonunuliwa na wageni, na ni ngapi hukaa zimefungwa, ulimi unakuwa mzito. Lakini kiingilio bado kinauma.

Mama hayo hayakumshughulisha. Yeye aliona punda. Zamani punda wa Clovelly walipandisha samaki wa heringi kutoka bandarini. Siku hizi kazi yao kubwa ni watoto na kamera. Wakati tunawatazama akapita baba mmoja anakokota sleji ya mbao isiyo na magurudumu, juu yake kreti za chupa na sanduku la mgeni, inakwaruza mawe kwa kelele za kuumiza meno. Ndivyo wanavyoingiza kila kitu, hata friji. Mama akasimama, akamwangalia punda aliyenona, akamwangalia yule baba na jasho lake.

"Huku punda hupigwa picha, mizigo hutukuliwa na watu."

Akacheka mpaka akakaa kwenye kizingiti cha mtu. Nikamwambia kwamba lile shirika lililofungua hospitali ya punda Lamu mwaka 1987 makao yake ni Sidmouth, Devon hiihii. "Ndiyo maana," akasema, kama aliyepata jibu la swali la siku nyingi.

Bandarini ni pazuri, siwezi kubisha. Gati la mawe limejikunja kama mkono unaokumbatia mashua, msingi wake ni wa karne ya 14. Mama akaenda moja kwa moja kwenye mitego ya kambakoche iliyopangwa pale, akaibinya nyavu kwa kidole na kusema lema zetu zimesukwa vizuri zaidi. Upepo baridi, yeye wala hana habari. Mimi ndiye niliyeshindwa kufurahia; nilikuwa nahesabu mawe ya kurudi juu.

Sasa sikia kilichonichoma. Mzee mmoja aliyekaa na mbwa wake akatuona tunavyokitazama kilima, akatuuliza mbona hatupandi Land Rover. Land Rover gani? Ile ya nyuma ya hoteli ya Red Lion, inapita barabara ya mgongoni na kukufikisha juu. Unalipa kidogo tu. Ipo miaka mingi! Tulipanda kwa dakika chache, mama ameketi kama bibi harusi. Kumbe saa mbili nzima nilikuwa nakula moyo wangu bure.

Nikamwendea yule kijana. Ulijua kuna gari? Alijua. Mbona hukusema?

"Hamkuuliza."

Nilimuuliza! Mbele ya watu kumi! Nilifungua mdomo, na yaliyotaka kutoka hayaandikiki. Mama akanivuta shati, tupande basi. Nilikuwa nimeshaamua nyota moja kwa kila kitu, kijiji, kampuni, Devon yote. Siwezi. Kijiji nakipa nne, na ningempeleka mama tena kesho, kwa gari letu wenyewe, tukiegesha juu na kuulizia Land Rover kabla ya kukanyaga jiwe la kwanza. Kampuni haina nyota.

Mlangoni mwa basi mama alisimama mbele ya yule kijana, akamtazama usoni, akatabasamu.

"Mwambie mawe tumeyachunga."