Tulitetemeka siku kadhaa, themostati inasema nyumba ina joto

Naandika nikiwa bado na hasira. Baridi ilipoanza kukaza mwaka huu, nilinunua themostati ya kupangia saa, kile kifaa cha ukutani kinachopima joto la chumba na kuwasha au kuzima boila, yaani mtambo wa kupasha nyumba. Nilikuwa na hamu nayo kweli, kwa sababu ukishusha joto nyuzi 4 hadi 6 za Selsiasi kwa saa 8 kila siku, wakati mmelala au hamko nyumbani, unaweza kuokoa hadi asilimia 10 ya gharama za mwaka za kupasha nyumba.

Fundi akaja, akaifunga ukutani mkabala na dirisha, akaenda zake. Kila asubuhi jua likipanda linaimulika moja kwa moja. Yenyewe inasoma nyuzi 23, boila inazimika. Huku chumbani mtoto amevaa soksi mbili mbili na midomo inamtetemeka!

Nikampigia, nikamweleza taratibu, kwa heshima zote. Akanijibu: "Mama, kifaa hakina tatizo, wewe ndiye hujui kukitumia. Weka 28 nyumba ipate joto haraka." Fundi mzima anasema hivyo! Boila ya kuwaka na kuzima inatoa moto ule ule hata ukiweka 21. Ukiweka 28 itachelewa tu kuzima, na bili ni yako. Nilipomwambia hivyo akanikatia simu. Niliumia, sitaficha.

Siku ile ningewaambia msiiguse kabisa. Lakini baadaye alikuja fundi mwingine, kijana msikivu, akaihamishia ukuta wa ndani, kama mita 1.5 kutoka sakafuni, mbali na jua na radieta, yale mabamba ya kupashia chumba. Akaziba pia tundu la waya nyuma yake, maana hewa ya ndani ya ukuta hupenya hapo ikavuruga kipimo. Kazi ya muda mfupi tu! Sasa mchana ni 20, usiku 16, na inaanza kupasha kabla hatujaamka. Sijui niseme nini, nyumba imekuwa nyumba.

Nilikuja hapa kutoa nyota moja. Kifaa kinastahili tano, nakiri. Ila huduma ni sehemu ya nilicholipia, na waliomtuma yule wa kwanza hawajaniambia hata pole mpaka leo. Basi tatu. Wakinipigia nitaongeza. Hapana, hata wakinipigia, zibaki tatu.